Mtandao Wetu Haukuwa Mbovu

Marwa mwanangu,

Umetoka kwenda Mugumu kuagana na wenzako, na mimi nimebaki na nyumba hii iliyonyamaza kana kwamba umeshaondoka. Nimeinjika maharage, nimekaa mezani. Habari za kula kwa wakati, kulala kwenye neti na kuchemsha maji ya kunywa sitakuandikia. Umelelewa na muuguzi. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha.

Nakuandikia kuhusu intaneti ya hapa nyumbani. Najua utashangaa. Kesho unakwenda Nyakunguru kushika kazi kwenye karasha la baba yako mdogo, kuvunja mawe ya dhahabu, halafu mama yako anakuandikia habari za ruta. Lakini hayo mawili ni jambo moja. Juzi nilianza kukueleza tukiwa tunakula, ukasema, "Mama, tuyaache, nimeshaamua." Ukanawa mikono, ukatoka. Sikukasirika. Nilijua tu kwamba nikijaribu tena kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati, nawe utaanza kunibembeleza, na usiku utaishia hapo. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe naliweka mwanzoni ili usilihangaikie. Mtandao wetu haukuwa mbovu. Baba yako alikuwa anazima kamera mwenyewe, na mimi nilijua.

Usiishie hapo. Ukilibeba hilo peke yake utatuchukia wote wawili, na baba yako hakustahili kuchukiwa na wewe. Acha nianze nyuma.

Mimi ni mtu wa Iramba, unajua. Serikali ilinileta zahanati hii ya Ringwani nikiwa msichana, sijui hata salamu moja ya Kikurya. Wagonjwa wazee walinionyesha kwa kidole mahali panapouma. Siku moja asubuhi baba yako alimleta dada yake, aliyekuwa ameolewa hapa, ana uchungu wa kujifungua. Dada mtu hakujua Kiswahili cha kutosha na aliogopa kuniuliza. Basi baba yako akasimama nje ya dirisha la chumba cha kujifungulia, ametupa mgongo, anatafsiri. "Anasema maji yameshatoka." "Anasema miguu inakufa ganzi." Mimi ninasema, yeye anasema kwa Kikurya, dada yake anajibu, yeye ananirudishia, na hakugeuka hata mara moja mpaka mtoto akalia. Alipogeuka alikuwa anatetemeka kuliko mzazi. Nikampa kiti. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Alikuwa anachoronga mwamba kwenye maduara ya Nyakunguru, mashimo ya wachimbaji wadogo, kwao. Tulipooana alikataa kunihamishia huko kwa sababu ya kazi yangu. Akawa anakuja na pikipiki mwisho wa wiki. Alifika mweupe kuanzia kope mpaka viatu, kama mtu wa mashine ya unga. Wewe ulikuwa unajifunza kuandika. Ulimzunguka mgongoni ukachora kwa kidole kwenye koti lake, na herufi zako za kwanza uliziandika kwenye vumbi hilo. Nilicheka. Kisha nililichukua koti nikalikung'uta mlangoni kwa mikono yangu, nikiwa bado na sare ya kazini, na vumbi likapanda juu likatutimkia wote watatu.

Kikohozi kilianza polepole. Nilimpa dawa. Kikaondoka, kikarudi, nikabadilisha dawa. Nikampima makohozi, hayakuwa na kifua kikuu. Nikasubiri, nikampima tena, na nikiwa nayangoja majibu nilitamani kiwe kifua kikuu. Mke hapaswi kumtamania mume wake ugonjwa. Mimi nilitamani, kwa sababu dawa za kifua kikuu nazigawa mwenyewe pale zahanati na watu wanapona mbele ya macho yangu. Kile nilichokuwa nakihofia tulifundishwa chuoni kwa kipindi kimoja tu, mwalimu akakipita haraka: vumbi la mawe likiingia kwenye mapafu halitoki, mapafu yanakuwa magumu, na hakuna dawa. Majibu yalipokuja safi kwa mara ya pili nilikaa chumba cha sindano nimefunga mlango. Nyumbani nikamwambia, "Ni kifua tu, kinataka kupumzika."

Mwanaume mwenye mtoto shuleni ukimwambia apumzike hujamwambia kitu. Duara lao lilipojaa maji, wenzake wakapata habari za machimbo ya Chunya, kule Mbeya, naye akaenda nao. Ulikuwa kidato cha pili. Ningeweza kumzuia kwa neno moja. Nilikuwa nalo hilo neno na sikulitumia, nikamfungia chapati za safari.

Yeye ndiye aliyetaka tuweke intaneti. Alisema simu zetu zinakula bando bure na bado hatuonani vizuri. Yule fundi kijana wa Mugumu akaja na ruta yenye laini ndani, akaiweka sebuleni, na wewe ukamganda kama kupe. Nakumbuka maneno yake kwa sababu uliyarudia mwezi mzima. Alikuambia, "Usipime spidi ukiwa chumba cha mbali halafu ulaumu kampuni. Simama karibu na ruta. Simu nyingine zitoe kwenye mtandao kwanza. Pima asubuhi, pima na jioni watu wakiwa wengi, maana mnara mmoja unanyonywa na kijiji kizima. Halafu usiangalie namba moja. Kuna inayoingia na kuna inayotoka. Watu wanajisifia inayoingia. Ukitaka baba yako akuone wewe, inayotoka ndiyo inayompelekea sura yako."

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Alipiga jioni, tukamwona amekaa nje ya chumba chake cha mabati, akatuonyesha kilima, akatuonyesha mbuzi wa jirani anayekula ndoo. Baadaye picha ikaanza kuganda. Halafu ikawa nyeusi, tunasikia sauti tu, na sauti nayo inakatika.

"Mura," anakuita, yaani kijana kwa Kikurya chake, "unanisikia?"

"Nakusikia baba, ila sikuoni."

"Ni mtandao wa huko kwenu. Huo mnara wenu umechoka."

Uliibeba kazi hiyo kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe za baba yake. Uliitoa ruta sebuleni ukaipeleka dirishani, ukapima. Ukaipandisha juu ya kabati, ukapima. Uligundua kuwa bati linazuia, ukatafuta mlingoti, ukausimamisha juu ya paa la jiko, ukaifunga ruta kwa mpira wa tairi na kuifunika ndoo ya plastiki isilowe, na waya wa umeme ukaupitisha dirishani kwangu. Kila ulipoigeuza kidogo kuelekea mnarani ulishuka, ukasimama chini na simu, ukangoja mshale wa kupimia spidi upande. Jirani zetu walikucheka. Mimi nilikushikia ngazi.

Kisha Jumamosi moja ulinikuta nje nachambua dagaa. Ulichuchumaa mbele yangu, hukukaa. Ukasema, "Mama, spidi ipo. Nimepima leo asubuhi na jana jioni. Inaingia vizuri, inatoka vizuri. Nimempigia rafiki yangu Chacha kule Tarime kwa video, nimeona mpaka chunusi zake. Tatizo haliko kwetu."

Ukanitazama. Uso wako ulikuwa wa mtoto aliyefaulu mtihani na hafurahii majibu. Nadhani ulikuwa umeshakaribia kujua. Ilibaki mimi niseme tu. Nikaendelea kutoa vichwa vya dagaa, nikasema, "Basi itakuwa huko kwake. Si porini?"

"Basi na yeye apime," ukasema.

Jioni ile ulimfundisha. Nilikuwa nimekaa mkekani nakusikiliza. "Baba, fungua hapo nilipokutumia. Umeona pameandikwa anza? Bonyeza. Sasa usiongee kwanza, subiri mshale upande." Ukasubiri. "Umefika ngapi?"

Kisha akasema, "Uko chini sana, mura. Haunyanyuki kabisa."

Ukapumua. Nilikuona mabega yako yalivyoshuka. Ulikuwa umepata mahali pa kuuweka ubaya wote, huko mbali, penye mnara wa watu wengine.

Hakuwa amebonyeza. Aliniambia baadaye. Alikuwa ameishika simu tu, anakusikiliza unavyomwelekeza. Alisema, "Anafundisha vizuri huyo mtoto. Nilitaka aendelee."

Namna nilivyokuja kujua yote ni hivi. Siku moja mchana nikiwa zahanati, wewe uko shule, nilimpigia kwa video bila kumwambia kabla. Simu akaipokea mwenzake aliyekuwa anaishi naye chumba kimoja, Joseph, kijana wa Kahama. "Shemeji, ngoja nimpelekee," akasema, akatembea nayo kamera ikiwa wazi. Kwa hiyo nilimwona baba yako kabla hajajua kwamba anaonekana.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono ameiegemeza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Mifupa ya shingoni ilikuwa imetokeza kama mpini. Nimewaona wagonjwa wengi wakikaa vile. Mtu anakaa hivyo kwa sababu akilala hewa haimfikii.

Alipoiona simu alinyoosha mkono kuizima, kisha akaona ni mimi, akauacha mkono.

"Nani kakwambia upige saa hizi?"

"Umepimwa?"

"Nimepimwa Mbeya. Wamenipiga picha ya kifua." Akavuta hewa. "Daktari anasema ni mawe. Vumbi limeganda mle ndani. Haliwezi kutoka."

"Rudi nyumbani, baba Marwa."

"Nirudi nikakae mlangoni nihesabu wanaopita?"

Nililia. Alinisubiri nimalize, maana hakuwa na pumzi ya kunibembeleza. Kisha akasema, "Marwa asinione hivi. Mwache na mtandao wake."

"Anahangaika. Kila siku yuko juu ya paa."

"Ndiyo vizuri. Akihangaika na mtandao hahangaiki na mimi."

Nikasema sawa.

Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii. Wakati ule niliona ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, ya kwake hasa. Kwangu kulikuwa na kitu kingine pia. Ubovu ukiwa kwenye mtandao, hata mimi sikulazimika kuusema ugonjwa kwa jina. Nilirudi nyumbani jioni ile nikakukuta unakata mpira wa tairi mwembamba zaidi. Uliniuliza kama nimeongea na baba. Nikasema nimempata kidogo, akakatika.

Mvua za masika zilikukuta juu ya paa la jiko. Nilisikia bati, kisha nikasikia kishindo. Nilikukuta umekalia matope, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Niliufunga na kipande cha boksi na khanga yangu, tukapanda bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma yako, tukaelekea hospitali Mugumu. Barabara ilikuwa inateleza. Tulipofika Morotonga dereva akapunguza mwendo, na wewe ukasema bila kugeuka, "Mama, nilikuwa nimeipata. Ilipanda kuliko siku zote. Leo angeonekana."

Nilikuwa nimekushika kiunoni, mdomo wangu uko karibu na sikio lako. Sijawahi kupata nafasi nzuri ya kusema kuliko ile. Nikakuambia uushikilie mkono usitikisike.

Mkono ulipona, ingawa najua mpaka leo ukibeba ndoo unabadilisha upande. Hilo ni langu, Marwa. Si la mvua wala si la bati.

Siku ya mwisho alipiga mapema, jua halijazama. Ulikuwa bado na bandeji. Ulimwambia, "Baba, washa kamera, leo nimejaribu tena na Chacha, iko vizuri." Akakuuliza habari za shule. Ukamjibu. Akakuuliza kama mkono unauma. Ukasema hauumi. Alikuwa anaongea neno, anapumzika, anaongea neno, na wewe katikati ya yale mapengo ulikuwa unasema, "Baba, haloo? Baba, unakatika." Hakuwa anakatika. Mtandao ulikuwa unaleta kila kitu kama kilivyo. Yale mapengo yalikuwa pumzi yake.

Mwishoni alisema, "Subiri kidogo, mura." Simu ikafa. Ulipiga tena na tena, haikupokelewa. Ukaniachia simu yangu ukatoka nje, nikakuona unaupanda ule mlingoti kwa mkono mmoja, nikakuvuta mguu ukashuka. Tuligombana. Uliniambia kwamba mimi sijali kama baba anapatikana au hapatikani. Nilikuacha uamini hivyo.

Joseph alinipigia asubuhi nikiwa kazini. Alisema tu, "Shemeji, kaka amepumzika."

Mazishi unayakumbuka. Lakini kuna uliyoyaona bila kuyaelewa, kwa sababu ulikuwa unamtazama mtu mmoja tu, aliyekuwa ndani ya sanduku. Watu wa Nyakunguru hawakukubali kwamba mwanaume wa umri ule anakufa hivi hivi. Wakasema amelogwa kwa ajili ya lile duara lao la zamani lililotoa mawe mazuri. Wakamtazama mzee Wambura, jirani aliyewahi kugombana na babu yako juu ya mpaka wa shamba. Mzee yule alikuja mazikoni akasimama peke yake karibu na zizi, hakuna aliyempa kiti wala maji. Mimi nilikuwa muuguzi pekee katika ule msiba. Nilijua kilichomuua mume wangu, na daktari wa Mbeya alijua. Ningesimama nikasema maneno machache tu. Nilikaa na wanawake nikafunika uso. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, si Mkurya, mjane wa jana, nani atanisikiliza. Mzee Wambura aliishi msimu mmoja tu baada ya hapo, watu hawaingii kwake, na amekufa bila mimi kwenda kumwambia lolote.

Na wewe. Jioni baada ya kuzika nilizunguka nyuma ya nyumba ya babu yako nikakusikia ukimwambia Chacha, "Ningeiweka ruta kule juu mapema, ningemwona. Nilichelewa kuiweka." Na mimi niliyekuwa na jibu niligeuka nikarudi nilikotoka, kwa hatua za polepole msinisikie.

Mtoto wangu, ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulipima sawasawa. Ulipima karibu, ulipima asubuhi na jioni, ulipima kinachoingia na kinachotoka, ukajaribu kwa mtu mwingine uhakikishe. Majibu uliyoyapata yalikuwa ya kweli. Ukayaleta kwa mtu mzima, na mtu mzima ndiye aliyeyatupa. Hukuchelewa. Hata ungeupandisha ule mlingoti ukagusa mawingu usingemwona, kwa sababu yeye hakutaka uone. Alitaka umkumbuke akikuonyesha mbuzi anayekula ndoo.

Naamini alikosea, na nilikosea kumkubalia. Mtoto akifichwa kinachomuua baba yake hukitafuta kwingine, na mara nyingi hukipata ndani yake mwenyewe. Nimekuangalia miaka hii. Nimeona unavyoamka ukaangalia simu kama ina mtandao kabla hujaosha uso. Nimeona unavyokosa raha mtu akikuambia "nakupigia baadaye." Nilipoitoa ile ruta nyumbani nikampa mwalimu jirani, ulidhani nabana matumizi. Nilikuwa siwezi tena kukutazama ukiwa umesimama chini ya paa na simu, baba yako akiwa kaburini, bado unapima.

Sasa nije kwenye kesho.

Umemaliza chuo, umezungusha vyeti vyako kila ofisi ya Mugumu na Tarime, na umechoka kuambiwa usubiri. Baba yako mdogo Nyamhanga amekuita, na ni mtu mwema, ni damu yako, hana hila. Nilipoona unaanza kutabasamu baada ya simu yake nilifurahi kwa dakika nzima kabla sijakumbuka anachokifanya. Karasha linavunja mawe makavu. Baba yako huko chini angalau alikuwa akikuta mwamba wenye unyevu siku nyingine. Pale kwenye karasha vumbi ni laini zaidi, na linakaa hewani, na mnasimama ndani yake mchana kutwa. Wanafunga leso puani. Baba yako naye alifunga leso. Nilizifua mimi hizo leso kwa miaka, na upande wa ndani ulikuwa na rangi ile ile ya upande wa nje.

Mwezi uliopita Nyamhanga alipokuja hapa kuzungumza nami juu yako, ulimsimulia kile kisa cha mwalimu na punda. Akaanza kucheka. Katikati ya kicheko akaacha, akainama, akashika goti lake, akabaki hivyo. Aliponyanyuka alisema amepaliwa na ugali. Ulienda kumletea maji. Marwa, chakula nilikuwa sijakileta bado.

Nilimtazama naye akanitazama. Ni mtu mzima, ana watoto, nami ni shemeji yake na ni muuguzi. Uliporudi nikakupokea bilauri, nikampa, nikamwuliza habari za ng'ombe. Umeona? Sijapona ugonjwa wangu. Niliufanya tena mwezi uliopita tu, mbele yako, katika nyumba hii.

Ndiyo sababu ya kuandika. Sitaki kukuzuia. Wewe ni mwanaume sasa, na sina kazi nyingine ya kukupa mkononi. Mama anayemkataza mtoto bila kumpa njia nyingine anampigia kelele tu. Ninachotaka ni uende, kama utakwenda, ukijua kile baba yako alichokwenda bila kukijua. Yeye hakupewa nafasi ya kuchagua. Aliambiwa ni kifua tu, kinataka kupumzika, na aliyemwambia alikuwa na cheti ukutani. Wewe angalau utachagua.

Na kama utafika Nyakunguru, nataka nikutangulie kwa jambo moja. Leo asubuhi nilimpigia baba yako mdogo. Nilimwuliza kama amewahi kupiga picha ya kifua. Akasema, "Shemeji, ya nini, mimi ni mzima." Nikamwambia kilichomuua kaka yake. Nilimwambia kwa jina. Nikamwambia pia kuhusu mzee Wambura, kwamba hakuwa na hatia, na kwamba nilijua siku ile ile.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tulimwonea yule mzee." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi je?" Nikasema sijui, apime. Hakuniaga. Sijui kama atakupokea kesho kwa uso ule ule aliokualikia. Huenda nimekuharibia. Nimekubali kubeba hilo.

Hapa nilipo nasikia pikipiki imesimama kwa mwalimu, na sauti yako unamwamkia mke wake. Utakunywa chai kwake kwanza, unavyopenda, kwa hiyo nina muda wa kumaliza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii ndani ya koti lako, uikute ukiwa umeshafika. Nimeona hiyo ni njia yangu ile ile, ya kukuacha ujue mambo ukiwa mbali, mahali ambapo huwezi kuniuliza. Nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa hapa mezani. Nitakaa mbele yako, sitajifanya nakwenda kuangalia jikoni. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Ukitaka kujua alivyosema, alivyoonekana, alivyokuwa anapumua, niulize lolote, hata yale ambayo mtoto hamuulizi mama yake.

Nitakujibu yote.

Mama yako